Kiti kwa kura 98: Kanda ya Madini na Ufugaji ya Australia Magharibi ilifanyaje kazi, na imekwenda wapi?

Msoma_Takwimu

Wakuu, nina majedwali mawili ya matokeo ya Baraza la Juu la Bunge la jimbo la Australia Magharibi, moja la Machi 2021 na jingine la Machi 2025, na hayasemezani kabisa. La 2021 lina kanda sita, kila kanda viti sita. La 2025 halina kanda hata moja, na viti ni 37 badala ya 36.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Kanda ya Madini na Ufugaji, 2021: kiti cha sita kimekwenda kwa mgombea mwenye kura 98. Hiyo ni tisini na nane, si elfu. Ni kosa la chapa au?
2. Kanda hiyo ilikuwa na wapigakura takriban 70,000 tu. Kanda tatu za jiji la Perth kila moja ilikuwa na zaidi ya 400,000. Viti vilikuwa sita sita. Nani aliamua hivyo, na kwa hoja gani?
3. Nikitaka kulinganisha 2021 na 2025 bila kudanganya msomaji, nipitie njia gani?

Ili tusichanganyane: nikisema "jimbo" namaanisha Australia Magharibi nzima, "kanda" ni zile sita za Baraza la Juu, na "eneo bunge" ni yale 59 ya Bunge la chini.

---

Karani_wa_Sanduku

Namba 1. Si kosa la chapa. Wilson Tucker wa chama cha Daylight Saving, kile kinachotaka saa zisogezwe mbele wakati wa kiangazi, alipata kura 98 za chaguo la kwanza (huko mpigakura huwapanga wagombea kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea), kama asilimia 0.2, akachukua kiti. Alichaguliwa kihalali kwa sheria iliyokuwepo siku hiyo.

Mambo mawili ndiyo yaliyofanya iwezekane. La kwanza ni kiwango cha ushindi. Unachukua kura halali, unagawa kwa idadi ya viti ukiongeza 1, unatupa desimali, halafu unaongeza kura 1. Kwa viti sita unagawa kwa 7, kwa hiyo kila kiti kinagharimu asilimia 14.3 hivi.

La pili, na hili ndilo lenye ujanja, ni tiketi ya chama. Karatasi ya kura ilikuwa na mstari. Ukiweka 1 kwenye kisanduku kimoja juu ya mstari, umemaliza, na mapendeleo yako yote yaliyobaki yanafuata orodha ambayo chama kiliiwasilisha mapema Tume ya Uchaguzi. Ukitaka kujipangia mwenyewe, unakwenda chini ya mstari na kuandika namba kwa kila mgombea, hadi wa mwisho. Watu wengi hawana subira hiyo. Matokeo yake, kura nyingi mno zilikuwa zinatembea kwa amri ya makatibu wa vyama, wala si ya aliyepiga.

Sasa tuone zinavyotembea. Namba hizi nimezitunga ili hesabu ionekane, si za kanda yenyewe. Kura halali 49,000. Kiwango: 49,000 ÷ 7 = 7,000, ongeza 1 = 7,001. Viti vitano vimeshachukuliwa na vyama vikubwa, zimekwenda kura 35,005. Zimebaki 13,995 za kugombea kiti kimoja. Chama P kina salio (kura zilizozidi baada ya kujaza viti vyake) la 5,200, chama Q kina 2,300, na vidogo tisa vina 6,495 kwa pamoja. Vidogo vimekubaliana kuwekana mbele ya wakubwa kwenye tiketi zao. Anayetolewa kila mara ni wa mwisho, na kura zake zinahamia kwa anayefuata kwenye tiketi yake:

X ana 85, anatoka. A alikuwa na 98, sasa 183.
B ana 150, anatoka. A 333.
C ana 320, anatoka. A 653.
D ana 610, anatoka. A 1,263.
E ana 900, anatoka. A 2,163.
F ana 1,250, anatoka. A 3,413.
G ana 1,500, anatoka. A 4,913.
H ana 1,582, anatoka. A 6,495.

Wamebaki A 6,495, P 5,200 na Q 2,300. Q ndiye mdogo, anatoka, na tiketi yake ndiyo inayoamua. Ikimweka A juu ya P, A anafika 8,795 na kiti ni chake. Ikimweka P juu, P ana 7,500 na A anarudi nyumbani.

Rudi mstari wa kwanza utazame pengo: 98 dhidi ya 85. X angepata kura 14 zaidi tu, A ndiye angetolewa kwanza na kiti kingemwangukia mwingine kabisa. Hatua ya tatu nayo ni 333 dhidi ya 320. Kwa hiyo anayesema "walipanga fulani ashinde" anawapa sifa wasiyostahili. Walichoweza kupanga ni kwamba *mmoja wao* apate nafasi. Nani hasa, iliamuliwa na vikura kumi na kitu hapa na pale.

Watu wengi hukosea pia wakidhani kila tiketi lazima iwe imemweka A namba 2. Hapana. Inatosha A awe juu ya yeyote *aliye hai bado* wakati kura ile inahama. Anaweza kuwa wa tisa kwenye orodha na bado akazipokea, kama wanane walio mbele yake wameshatolewa au wameshajaza kiwango.

---

Mzee_Kanuni

Karani amemaliza la kwanza. Nichukue la pili, maana hapo ndipo siasa ilipo.

Kabla ya 1989 Baraza hilo lilichaguliwa kwa provinsi, wajumbe wawili kila provinsi, wakipokezana: uchaguzi huu mmoja, unaofuata mwingine. Mashamba na vijijini vilikuwa na uzito mkubwa kuliko jiji. Serikali ya jimbo ya chama cha Labor chini ya Brian Burke ilitaka usawa, lakini haikuwa na wingi Baraza la Juu, na huwezi kubadili Baraza bila Baraza lenyewe kukubali. Sheria ya 1987 ikawa ya mapatano, na ikatumika mara ya kwanza katika uchaguzi wa Februari 1989.

Mgawanyo wake ulikuwa hivi: Metropolitan Kaskazini 7, Metropolitan Mashariki 5, Metropolitan Kusini 5, jumla 17 za jiji. Kusini-Magharibi 7, Kilimo 5, Madini na Ufugaji 5, jumla 17 za nje ya jiji. Viti 34, nusu kwa nusu, ilhali sehemu kubwa sana ya watu wa jimbo hilo wanaishi Perth. Walichobadilishana ni hiki: jiji likapata uchaguzi wa uwiano badala ya mshindi kuzoa vyote, na nje ya jiji kukabaki na nusu yake. Tiketi za vyama ziliingia kwa mlango huohuo.

Mwaka 2005 ikaja sheria ya usawa wa kura. Bunge la chini likasawazishwa, isipokuwa maeneo bunge yenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000, ambayo huongezewa wapigakura wa kubuni kwa kadiri ya ukubwa wa ardhi. Baraza la Juu halikuguswa kwa maana ya uzito. Lilipandishwa tu hadi 36, kila kanda sita, kuanzia uchaguzi wa 2008. Kwa kweli Madini na Ufugaji *ilinufaika*, kutoka 5 hadi 6, huku Kusini-Magharibi yenye watu wengi zaidi ikishushwa kutoka 7 hadi 6. Ukitafuta mantiki ya hesabu hapo hutaipata. Ilikuwa bei ya kura za kupitisha muswada.

Hoja waliyokuwa wakiitoa watetezi si ya kipuuzi, tuwe waadilifu. Kanda ile ilikuwa na maeneo bunge manne tu mwaka 2021: Kalgoorlie, Kimberley, Pilbara na North West Central. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili. Dhahabu ya Kalgoorlie na chuma cha Pilbara vinatoka humo. Lakini wachimbaji wengi huja kwa ndege, hukaa kambini kwa zamu, kisha hurudi kwao Perth, na wameandikishwa kupiga kura huko wanakoishi. Migodi inapanuka, daftari la wapigakura halipanuki. Pengo likawa linakua lenyewe mpaka kura moja ya huko ikawa na uzito wa zaidi ya kura sita za jijini.

Mahakamani pia walijaribu. Katika kesi ya McGinty, 1996, Mahakama Kuu ya Australia ilikataa hoja kwamba katiba inadai kura za jimbo ziwe na uzito sawa. Mlango wa mahakama ukafungwa, ukabaki wa kura bungeni tu. Na huo ulikuwa na komeo: kesi ya Marquet, 2003, ilithibitisha kwamba mabadiliko ya aina hiyo yanahitaji wingi kamili wa wajumbe *wote* wa kila baraza, si wa waliohudhuria.

Machi 2021 Labor wakapata 53 kati ya 59 chini na 22 kati ya 36 juu. Komeo likafunguka. Waziri Mkuu wa jimbo, Mark McGowan, alikuwa amesema wakati wa kampeni kwamba suala hilo halimo kwenye ajenda. Wiki chache baada ya uchaguzi ikaundwa kamati ya wataalamu chini ya Malcolm McCusker, gavana wa zamani wa jimbo. Novemba mwaka uleule sheria ikapita: kanda zote sita zifutwe, jimbo zima liwe eneo moja la uchaguzi, viti 37, na tiketi za vyama zife. Kura 98 ndizo zilizowapa picha ya kuonyesha umma. Wingi wa 22 ndio uliofanya kazi.

---

Lamu_Kwetu

Mzee, nimekusoma lakini hiyo "kura sita kwa moja" mbona mnaiita kashfa? Hapa Kenya, Lamu ina seneta mmoja wa kuchaguliwa na Nairobi ina mmoja. Sensa ya 2019: Lamu watu 143,920, Nairobi 4,397,073. Hiyo ni zaidi ya mara 30. Na hatujaona kamati ya wataalamu.

---

Mzee_Kanuni

Swali zuri ndugu Lamu, lakini vitu viwili hivyo havifanani. Kaunti ya Lamu ina gavana, bunge lake na mgao wake wa fedha. Seneta anakwenda kulinda *taasisi* iliyopo. Kanda ya Madini na Ufugaji haikuwa na ofisi ya serikali, haikuwa na bajeti, haikuwa na hata mji mkuu. Ilikuwa mstari uliochorwa ili kuhesabia kura, basi. Mtu wa Broome na mtu wa Kalgoorlie wanaweza kuishi miaka 30 bila kukutana. Ukiifuta, hakuna mfuko unaokatika.

Ukitaka kitu kinachofanana zaidi na kufutwa kwenyewe, chukua Seneti ya kwanza ya Kenya: viti 41, vilivyogawanywa kwa wilaya, kuanzia 1963 hadi mwisho wa 1966. Hiyo haikumaliza hata miaka minne. Walipoivunja, walichora maeneo bunge mapya 41 ya Bunge la Taifa, yakawa 158, ili maseneta wasipige kura ya kujifukuza kazi. Huko Perth hawakuhitaji kuwabembeleza waliokuwa wakipoteza viti, maana wengi wa waliokuwa na kura walikuwa wa chama kimoja.

---

Lamu_Kwetu

Hapo nimekubali. Ila bado nasema mtu wa Kimberley amepoteza sauti.

---

Mzee_Kanuni

Amepoteza uzito, hilo halina ubishi. Kuhusu sauti, angalia kitu kimoja kwanza. Mwakilishi wa sita wa kanda yake 2021 alisimama kwa ajili ya kusogeza saa. Jimbo hilo limekataa jambo hilo kwenye kura ya maoni mara nne: 1975, 1984, 1992 na 2009, ya mwisho kwa zaidi ya asilimia 54. Na upinzani huwa mkali zaidi nje ya jiji, ambako jua la jioni ni adhabu na hakuna anayetaka kuongezewa saa moja yake. Sasa hiyo ilikuwa sauti ya nani?

---

Msoma_Takwimu

Asanteni sana. La kwanza na la pili nimeelewa. La tatu bado. Nilikuwa nataka nichukue viti vya 2021, nizidishe kwa 37 na kugawa kwa 36, halafu niweke kando ya vya 2025. Niendelee?

---

Bwana_Mipaka

Usiendelee, mkuu. Viti ni matokeo ya kanuni, na kanuni zimebadilika. Ukizidisha viti unabeba makosa ya kanuni ya zamani kuyaingiza kwenye jedwali jipya. Anzia kwenye kura za chaguo la kwanza.

Jumlisha kura za kila chama katika kanda zote sita za 2021, kura zenyewe, usichukue wastani wa asilimia sita. Wengi huchukua wastani wa asilimia na hapo hapo wameirudisha Madini na Ufugaji kuwa sawa na Metropolitan Kusini, kosa lilelile lililofutwa. Ukishapata asilimia ya jimbo zima, igawe kwa kiwango kipya. Viti 37, unagawa kwa 38, kiwango ni asilimia 2.63.

Mfano: Labor 2021 walipata asilimia 60.3 ya kura zote za Baraza la Juu. 60.3 ÷ 2.63 ni kama 22.9. Maana yake viti 22 kamili, na salio kubwa la kugombea cha 23. Kwa kanuni ya zamani walipata 22 kati ya 36. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kanda ziliwadhulumu Labor mwaka huo, mwonyeshe hesabu hii. Mwaka ule walifagia hadi mashambani, na upotofu wa kanda ukafichika. Kanda zinauma pale chama kinapokuwa na nguvu jijini na udhaifu nje, au kinyume chake.

Kisha weka matokeo halisi ya 2025 kando: Labor 16, Liberal 10, Greens 4, Nationals 2, One Nation 2, na kimoja kimoja kwa Legalise Cannabis, Australian Christians na Animal Justice. Jumla 37.

Tahadhari, maana hapa ndipo wengi huanguka.

Kwanza, kura za chaguo la kwanza za 2021 zilipigwa na watu waliojua kanuni ya 2021. Chama kidogo wakati huo kilikuwa na sababu ya kusimama hata kwa kura 98. Sasa hakina. Orodha ya vyama yenyewe si ileile, na mkokotoo wako wa "ingekuwaje" kwa vile vidogo hauna thamani kubwa. Kwa vyama vitano vya juu unaaminika zaidi.

Pili, mipaka. Ukitaka kujua watu wa Madini na Ufugaji walipigaje 2025, utajaribu kujumlisha yale maeneo bunge manne. Huwezi. North West Central haipo tena. Katika ugawaji mpya wa mipaka iliunganishwa na Moore kuunda Mid-West, na Moore ilikuwa upande wa Kanda ya Kilimo. Mid-West inakalia mpaka wa zamani miguu huku na huku. Kalgoorlie, Kimberley na Pilbara unaweza kuzitazama kama kielelezo, lakini andika chini ya jedwali kwamba si kanda nzima. Au shuka hadi matokeo ya kituo kwa kituo, kama una siku mbili za kupoteza.

Tatu, tarehe. Wajumbe wa kanda hawakuondoka siku ya uchaguzi, 8 Machi 2025. Muhula wao uliendelea hadi 21 Mei, na wapya wakaanza 22 Mei. Kumbukumbu za Bunge za wiki zile bado zinamtaja mtu kama mjumbe wa Kanda ya Madini na Ufugaji, na hilo ni sahihi.

Nne, nafasi zilizoachwa wazi. Huko hakuna uchaguzi mdogo kwa Baraza la Juu. Wakati wa kanda, mjumbe alipojiuzulu, kura zilezile za uchaguzi uliopita za kanda yake zilihesabiwa upya kumpata mrithi. Kwa hiyo orodha ya wajumbe ya 2021 na ya mwanzoni mwa 2025 zina majina tofauti bila watu kurudi kituoni. Usiyahesabu mabadiliko hayo kama kura mpya.

---

Karani_wa_Sanduku

Niongezee la tano kwa Mipaka: kura zinazokufa njiani. 2021 hazikuwepo, maana tiketi ilipanga kila mgombea hadi wa mwisho. 2025 mpigakura juu ya mstari anaandika 1 na akitaka anaendelea 2, 3, 4 kwa vyama anavyotaka mwenyewe. Chini ya mstari, angalau namba 20. Ukiandika 1 peke yake juu ya mstari kura ni halali, ila chama chako kikitolewa na kura yako inaishia hapo. Viti vya mwisho kabisa basi huchukuliwa na watu wasiofikisha kiwango, wamebaki tu wakati wengine wameisha. Ukiona mshindi yuko chini ya asilimia 2.63 kwenye jedwali la 2025, usidhani umekosea kunakili.

---

Msoma_Takwimu

Na wa 98 akisimama kwa kanuni hii mpya?

---

Karani_wa_Sanduku

Rudi kwenye mfano wangu. Kura 85 za X zilikwenda zote 85 kwa A kwa sababu katibu wa chama alizifunga kitita kimoja. Sasa kila mmoja wa wale 85 anaamua mwenyewe. Wengine wataandika 1 na kukunja karatasi, wengine watampa chama kikubwa namba 2, watatu wanne watamkumbuka A. A anabaki na 98 na kidogo, B ana 150, na A anatolewa raundi ya pili.